Simu yasema taa inawaka, mama yuko kizani

Msomaji mmoja aliyeko Doha kikazi ameniandikia swali ambalo nimeona nilijibu hapa, kwa sababu najua si peke yake. Amemuwekea mamake taa za kuwashwa kwa simu katika fleti yao Majengo, ghorofa ya pili. Mama amepita miaka sabini, magoti yamechoka, na usiku huamka mara mbili au tatu kwenda msalani. Kijana akiwa Qatar hufungua simu, huona alama ya taa ya ukumbini imegeuka manjano, roho ikatulia. Usiku mmoja mama akampigia: "Mwanangu, hii taa yako mbona haiwaki?" Kwenye simu ilikuwa inawaka. Ukumbini kulikuwa kiza totoro, na mama amesimama anapapasa ukuta.

Akaniuliza: kaka, hapa nani muongo?

Hakuna aliyesema uongo. Simu ilieleza kile inachokijua, ila inachokijua ni kidogo kuliko tunavyodhani. Fundi alipokwenda kuangalia asubuhi yake alikuta globu imeungua. Swichi mpya ilikuwa nzima, mtandao ulikuwepo, amri kutoka Doha ilifika, kila kitu kilifanya kazi yake isipokuwa ile taa yenyewe. Na katika mpango mzima uliouzwa kwa kijana huyu hakukuwa na kitu hata kimoja kilichopewa kazi ya kuangalia kama mwanga upo.

Siku hizi Mombasa, Malindi na hata Lamu vifaa hivi vinauzwa kama njugu. Kuna vya mtandaoni, kuna vya kwenye maduka ya stima, na kuna vinavyoletwa kwenye sanduku na ndugu anayerudi kutoka Dubai. Muuzaji atakuonyesha jinsi ya kuwasha taa ukiwa mbali. Hilo ndilo jepesi. Maswali magumu ni mawili: nyumba inajuaje kwamba taa imewaka kweli, na inajuaje kwamba ndani ya chumba kuna mtu?

Tuanze na la kwanza. Sisi watu wa pwani tukifika mlangoni twapiga hodi, kisha twasubiri karibu. Hodi peke yake si ruhusa. Vifaa vingi vya bei rahisi hupiga hodi na kuhesabu kuwa wameshakaribishwa. Mfano ni zile rimoti ndogo za masafa ya 433 MHz zinazouzwa pamoja na swichi ya kuweka darini. Rimoti inarusha amri hewani, basi. Haina sikio. Ikiwa swichi haikusikia kwa sababu ukuta ni mnene au betri imechoka, rimoti haitajua milele. Ukiiunganisha na simu, simu itaandika "imewaka" kwa sababu imebonyezwa tu.

Ila hii ni ya zamani kabisa. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni mfumo wa X10 uliopitisha amri ndani ya nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Watu waliupenda, lakini vifaa vyake vya mwanzo vilikuwa vya kusikiliza tu. Ukituma amri ya kuwasha taa ya ghorofani, ilibidi upande ngazi ukaangalie. Miaka hamsini baadaye bado twauziwa vitu vya namna hiyo, vimepakwa rangi nyeupe na kuwekewa programu ya simu.

Vifaa vizuri zaidi, vya Wi-Fi au Zigbee, hurudisha jibu. Hili jibu mafundi wa mifumo huliita mrejesho wa hali. Lakini hata hapo lazima uulize: mrejesho wa hali ya nini? Maana kuna kujua kwamba amri imefika, kuna kujua kwamba relei, yaani kile kiswichi cha ndani kinachoshika na kuachia, imeshika, kuna kujua kwamba umeme unapita kwenda kwenye taa, na kuna kujua kwamba mwanga upo chumbani. Hizi ni habari nne tofauti, na swichi nyingi zinazouzwa kwetu hukomea ya pili.

Hebu angalia ukutani kwako. Ile swichi kubwa ya hita ya kuogea au ya jiko, ina kitaa chekundu. Huo ni mrejesho wa hali, na bibi zetu wanauelewa vizuri kuliko wauzaji wengi. Lakini kitaa kile kinasema jambo moja tu: umeme umepita hapa kwenye swichi. Hakisemi maji yana moto. Waya wa ndani wa hita ukikatika, kitaa kitaendelea kuwa chekundu na wewe utaoga maji baridi. Alama ya manjano kwenye simu ya yule kijana ilikuwa kitaa chekundu hicho hicho, tofauti ni kwamba kilikuwa kinaonekana Doha.

Dawa yake ipo na haina bei ya kutisha: kuna relei zinazopima umeme unaopita ndani yake. Taa ya LED ya wati 9 ikiwashwa, kipimo kinapaswa kusoma karibu 9. Kikisoma sifuri na relei imeshika, globu imeungua au waya umeachia. Ukumbi wenye globu nne za wati 9 utasoma kama 36, na siku ikisoma 27 ujue moja imekwenda. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Taa za LED, hasa zikiwa nyingi pamoja, huvuta umeme mwingi kwa mpigo mdogo sana wakati wa kuwaka, na mpigo huo waweza kuunganisha meno ya relei yakashikana yasiachie tena. Hapo simu itasema taa imezimwa, na taa inawaka. Kipimo pekee ndicho kitakachokuambia. Kwetu sisi tuliozungukwa na hewa ya chumvi, inayokula shaba na viungo vya nyaya, sioni sababu ya kununua relei isiyopima kwa mahali ambapo mtu mzima anategemea mwanga. Ila ujue kwamba vipimo hivi huwa si hodari kwenye mizigo midogo sana. Kitaa cha wati 2 au 3 chaweza kupotea ndani ya makosa ya kipimo.

Sasa jambo ambalo limewatesa watu wa fleti kuliko yote, swichi za ngazi. Twazijua: swichi moja chini, nyingine juu, taa moja katikati, na yoyote ukiigusa taa inageuka. Uzuri wake ni kwamba hakuna swichi yenye cheo. Ubaya ni kwamba ukitoa moja ukaweka relei mahali pake, relei kushika hakumaanishi taa imewaka. Inategemea ile nyingine imelalia upande gani. Leo "washa" inawasha, kesho mtoto akipita akigusa swichi ya juu, "washa" ile ile inazima. Nimeona nyumba ambayo mwenyewe aliamini simu yake imeingiliwa na wezi, kumbe ni swichi ya ngazi tu.

Njia ya sawa ni kuinyima kila swichi ya ukutani uwezo wa kukata umeme wa taa. Relei moja ndiyo iishike taa. Swichi mbili zibaki kuwa za kupeleka habari tu: "nimeguswa." Na zikiwa ni za kubonyeza zinazorudi zenyewe kama kengele ya mlango, ni bora zaidi, kwa sababu ile swichi ya kulala chini au juu itakuwa haina maana tena. Hapa tuwakumbuke wazee wetu. Wamekaa miaka hamsini wakijua swichi ikiwa chini taa inawaka. Ukiwavurugia hilo bila kuwaeleza, wataanza kugonga gonga swichi kizani. Hiyo ndiyo sababu napendelea swichi yenye kitaa chake kidogo kinachofuata hali ya kweli ya taa, si hali ya kidole.

Kuna na zile globu zenyewe zenye Wi-Fi ndani. Sizipendi kwa nyumba yenye watu wengi. Mtu akizima swichi ya ukutani kwa mazoea, globu inakufa palepale na haina pumzi ya kusema "nimezimwa." Simu itaendelea kuonyesha habari ya mwisho mpaka mfumo utambue kuwa kifaa kimekuwa kimya. Mifumo mizuri ina ujanja wa wosia: kifaa kikijiunga huacha ujumbe kwa msimamizi wa mtandao, "nikipotea bila kuaga, watangazie kuwa sipo." Programu ya Tasmota, inayotumiwa kwenye relei nyingi za Wi-Fi, inafanya hivyo, tena hutuma taarifa ya hali yake kila baada ya dakika tano hata kama hakuna kilichobadilika. Na Home Assistant, programu ya bure iliyoanza 2013, ina ungwana ambao nausifu: kifaa kisichorudisha jibu inakionyesha kwa vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima, badala ya kimoja cha kugeuza, ili ujue kwamba hapa ni kukisia.

Na stima ikipotea? Sihitaji kuwaeleza wasomaji wangu kuhusu kupotea kwa stima, wala tokeni kuisha saa nane za usiku. Stima ikirudi, relei lazima iamue: iwashe, izime, au irudi ilipokuwa. Wengi hawafungui kabisa ukurasa wa mipangilio kuchagua. Kwa ukumbi wa mama yule ningechagua iwashe. Taa ikiwaka bila kuhitajika si tatizo. Kwa hita au pampu ya maji, izime, bila mjadala. Pia kile kisanduku cha Wi-Fi huchukua dakika kadhaa kuamka, na wakati huo simu ya Doha inaonyesha habari za kabla ya kiza. Mfumo wenye akili ukiamka huuliza kila kifaa upya hali yake kabla ya kuonyesha chochote.

Sasa la pili, kujua kama mtu yumo. Hapa ndipo mambo huharibika zaidi, na hapa ndipo mtu aweza kuumia.

Kihisi kilichoenea, ambacho mafundi wengi huita sensa, ni kile kijumba chenye kifuniko cheupe kama jicho la nzi. Kinaitwa PIR. Hakitoi mwale wowote, kinapokea tu joto linalotoka mwilini kama miale ya infraredi. Kifuniko kile kimegawanywa kuwa vijilenzi vingi vinavyokata chumba mapande mapande. Mtu akivuka kutoka pande moja hadi jingine, joto analoliona kihisi linabadilika, nacho kinasema: kuna kitu. Kwa hivyo PIR haioni mtu. Inaona mabadiliko ya joto. Ndiyo maana inamuona haraka anayepita mbele yake kwa ubavu kuliko anayekuja moja kwa moja kuielekea, na fundi anayejua kazi huiweka pembeni mwa njia, si mwishoni mwake.

Mtu akitulia, PIR humsahau. Na sisi hutulia sana. Mtu anasali, amekaa kwenye msala baada ya swala akivuta uradi, anasoma msahafu, anamnyonyesha mtoto, anaangalia mpira. Mzee yuko chooni. Kihisi hakioni mabadiliko, kinahesabu dakika zake mbili au tatu, kinazima. Kijana atapunga mkono taa iwake tena. Mzee wa miaka sabini na tano aliyeshika ukuta wenye vigae vyenye maji, kizani, akipunga mkono huo ndio ameachia ukuta. Wenye hoteli wanalijua tatizo hili na wengi hawalijali. Nyumbani kwetu hatuna udhuru.

Kuna jambo la pwani hasa ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalisemi. PIR hufanya kazi kwa tofauti kati ya joto la mwili na joto la nyuma yake. Ngozi ya mtu huwa na nyuzi 33 hadi 35 hivi. Wakati wa kipupwe, ukuta una nyuzi 25, mtu anaonekana wazi. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba cha chini ya mabati chaweza kufika nyuzi 33 na zaidi, na mtu anakaribia kufanana na ukuta. Kihisi kilichoandikwa kinaona mita 7 kinaweza kushindwa kukuona ukiwa nusu ya hapo. Kwa hivyo usipime kihisi Julai ukasema kiko sawa. Mpime mtu wa Machi. Juu ya hayo kuna mjusi wa ukutani, anayependa sana kutembea juu ya kile kifuniko, na paka wa mtaa wanaojua madirisha yote. Mjusi mwenyewe hana joto la kutofautiana na ukuta, lakini akipita juu ya lenzi huziba na kufungua joto la chumba, na taa inawaka saa tisa za usiku watu wakidhani ni jini.

Kihisi kipya zaidi ni cha rada. Vilivyo vingi hutumia masafa ya 24 GHz, vingine 60 GHz. Hiki kinarusha mawimbi na kusikiliza yanavyorudi. Urefu wa wimbi la 24 GHz ni milimita 12 na nusu tu, kwa hivyo hata kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi kinabadilisha mwangwi. Mtu aliyelala anaonekana. Aliye ndani ya chandarua anaonekana, kwa sababu mawimbi haya hupita kwenye kitambaa. Joto la kaskazi hakijali. Kwa msala na bafu la mzee, nasema wazi, weka rada.

Lakini rada nayo ina adui wake, na kwetu adui huyo yuko darini karibu kila chumba: pangaboi. Feni inayozunguka ni kitu kinachotembea usiku kucha, na rada iliyowekwa vibaya itaapa kuwa kuna mtu mpaka stima ikatike. Pazia linalopeperushwa na upepo wa kusi hali kadhalika. Iweke chini ya kimo cha feni, iangalie upande wa watu na si wa dari, na punguza umbali wake kwenye mipangilio. Nyingi hukuruhusu kuchagua ione mpaka mita ngapi, kwa vipande vya chini ya mita moja. Hilo pia ni la lazima kwa sababu ya jirani. Ukuta wa mbao nyembamba au dari ya jipsamu haiizuii rada. Ukuta mnene wa mawe na chokaa wa nyumba za Mji wa Kale ni afadhali, ila sikuambii uutegemee macho yamefumba.

Wengi wanaojua mambo huvichanganya viwili. PIR ni mwepesi wa kushtuka, basi iwashe taa. Rada ni mzito kidogo lakini hasahau, basi iamue wakati wa kuzima. Kwa bafu kuna njia nyingine rahisi: kihisi cha mlango. Mlango ukifungwa na baada ya kufungwa kihisi kikaona mtu, basi mtu yumo, hata akitulia kama jiwe, mpaka mlango ufunguliwe. Hesabu yake ni safi. Tatizo ni kwamba wazee wengi hawafungi mlango wa msala usiku, na wengine tumewaomba sisi wenyewe wasiufunge ili tuweze kuwafikia wakianguka. Hapo njia hii haifai.

Mrejesho wa hali na kujua uwepo wa mtu havifanyi kazi vizuri kila kimoja peke yake. Chukua amri ya "geuza," yaani kama imewaka izime, kama imezima iwashe. Mama ameamka, amewasha taa ya ukumbi kwa mkono. Anapiga hatua tatu, kihisi kinamuona, kinatuma "geuza." Taa inazima usoni mwake. Kihisi kisichojua hali ya taa ni hatari, na amri ya geuza haifai kutumiwa na kihisi chochote. Iwe ni "washa" au "zima," na kabla ya kuzima kiulize taa hii iliwashwa na nani. Iliyowashwa na kihisi, kihisi kiizime. Iliyowashwa na mkono wa mtu, iachwe, au isubiri saa nzima. Watu wasingechukia vitu hivi kama wafungaji wangezingatia hili moja tu.

Au chukua kihisi kinachopima mwanga ili taa isiwake mchana. Jioni kinaona kiza, kinawasha. Taa imewaka, chumba kina mwanga, kihisi kinasema mwanga unatosha, kinazima. Kiza tena, kinawasha. Mchezo huo waweza kuendelea mpaka alfajiri. Dawa ni kusoma kipimo cha mwanga pale tu taa inapokuwa imezimwa, na huwezi kujua imezimwa bila mrejesho.

Kuhusu tokeni, niseme ukweli ambao muuzaji hatausema. Taa ya wati 9 ikiwaka saa 12 usiku mzima inakula uniti 0.108. Relei ya Wi-Fi yenyewe, hata taa ikiwa imezima, huvuta wati moja hivi, nyingine chini ya hapo. Ukiweka kumi za wati moja, ni uniti 0.24 kwa siku. Hiyo ni sawa na kusahau taa mbili usiku kucha, kila siku. Kwa taa za LED, basi, usitegemee kuokoa pesa. Akiba iko kwenye AC. Chumba kitupu chenye AC inayovuta kilowati moja kwa saa nne ni uniti nne, ambazo zingewasha globu ile ya wati 9 mfululizo usiku na mchana kwa siku 18. Kihisi cha chumbani kinachozima AC baada ya watu kutoka kitalipa gharama yake. Cha taa kinanunuliwa kwa ajili ya magoti ya mama.

Limebaki jambo ambalo yule kijana hakuliuliza, nami nikamuuliza yeye. Rada haipigi picha, kweli. Lakini inajua mama ameamka saa ngapi, amekaa msalani dakika ngapi, nani amelala chumba gani, na dada wa kazi amepumzika muda gani mchana. Mambo hayo yote yanaingia kwenye simu iliyoko Doha, na mara nyingi yanapitia kwenye kompyuta za kampuni iliyoko nchi nyingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibana kampuni inayokusanya habari za watu, lakini mambo ya mtu na familia yake ndani ya nyumba sheria hiyo imeyaachia wenyewe. Hapo ni adabu zetu. Je, mama ameambiwa? Amekubali? Dada wa kazi ameambiwa? Kijana akanijibu kwamba mama anajua kuna "taa za mtandao." Hiyo haitoshi. Kuna njia ya kati nzuri: mfumo ukae kwenye kikompyuta kidogo ndani ya nyumba, taa ziendeshwe hapo hapo hata intaneti ikikatika, na kinachovuka kwenda Doha kiwe ni habari moja tu, kwamba asubuhi hii mama ameamka, au kwamba kuna mtu yuko bafuni zaidi ya nusu saa. Ya katikati yabaki yake.

Kwa kazi yenyewe, mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA. Muulize mapema kama waya wa nyutro umefika kwenye boksi za swichi, kwa sababu nyumba nyingi zetu zimewekewa laivu tu ukutani na nyutro imebaki darini. Swichi zisizohitaji nyutro zipo, lakini hupitisha umeme kidogo kupitia taa yenyewe ili ziishi, na LED za wati ndogo zitamulika mulika usiku kama kimulimuli. Mara nyingi ni bora relei iwekwe juu, kwenye boksi la dari.

Na kabla hujamlipa pesa ya mwisho, mfanyie majaribio mbele yake. Toa globu, kisha uwashe kwa simu, uone simu itasema nini. Rudisha globu, gusa swichi ya juu na ya chini mara kadhaa ovyo ovyo, uangalie kama simu inafuata. Zima swichi kuu ya nyumba, hesabu mpaka sitini, washa, uone ipi imewaka na ipi imetulia. Halafu weka kiti msalani, ukae kimya dakika kumi bila kutikisa hata mguu, mlango wazi, na pangaboi ya chumba cha pili ikizunguka.